Nilimwita mwanafunzi wangu punda wa dobi, na hajarudi darasani

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mwanamume wa miaka 39, mzaliwa wa Unguja, na huu ni mwaka wa tano tangu nihamie Kampala. Ninafundisha watu wazima, jioni baada ya kazi, katika kituo kidogo ambacho naomba nisikitaje. Darasa langu lina watu 14. Baadhi yao ni watumishi wa serikali walioona bora wajitayarishe mapema, baada ya Baraza la Mawaziri la Uganda kuidhinisha, mwezi Julai 2022, Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Wapo wafanyabiashara, yupo muuguzi, na yupo kijana wa bodaboda ambaye hulipa ada yake kidogo kidogo kila Ijumaa.

Nilipoanza nilifuata kitabu nilichopewa, chenye mazungumzo ya hotelini na ya uwanja wa ndege, na wanafunzi wakawa wanapiga miayo. Jioni moja umeme ulikatika. Badala ya kuwaruhusu waende nyumbani, nikasema gizani, "Paukwa!", nikawafundisha kuitikia "Pakawa!", kisha nikawasimulia kisa cha Sungura na Fisi kwa maneno mepesi niliyokuwa na hakika kwamba wanayajua. Hakuna aliyeondoka, hata umeme uliporudi. Tangu siku hiyo kitabu nimekiweka kando. Jumatatu nasimulia ngano, Jumatano wanaisimulia wao kwa zamu, Ijumaa wanaiandika. Nimeshuhudia mtu aliyeshindwa na kitenzi kimoja kwa wiki tatu akikikumbuka papo hapo kwa sababu Fisi alikitenda.

Mwanafunzi ninayetaka kukueleza habari zake ni mama wa makamo ya mama yangu mzazi. Amepita miaka 60, na anauza mchele kwa jumla mjini. Mchele wake mwingi hutoka Tanzania kupitia Mutukula, na alikuja kujifunza ili azungumze mwenyewe na madereva na mawakala, asimtegemee mkalimani ambaye, kwa maneno yake, "anakula pande zote mbili". Hakuwahi kukosa hata siku moja. Aliketi mbele, daftari lake amelifunika kwa gazeti kama la mtoto wa shule. Tatizo lake lilikuwa moja: kila mnyama alimpa upatanisho wa kitu. "Simba imelala." "Sungura inacheka." Nilimrekebisha, akaitikia, na katika sentensi iliyofuata akarudi palepale.

Wiki ya mkasa huo nilikuwa nimewasimulia kisa cha Kima na Papa, kama nilivyokisikia kwa bibi yangu. Kima aliishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, akawa anamrushia Papa matunda, wakafanya urafiki. Papa akamwalika kwao, akampakia mgongoni, na walipofika katikati ya maji akamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba laiti angeambiwa mapema, maana kima wakitembea huiacha mioyo yao juu ya miti, basi warudi wakauchukue. Walipofika pwani Kima akaruka mtini, na Papa alipomwita ashuke waende zao, akamjibu, "Umenifanya punda wa dobi?" Papa akauliza huyo ni nani, ndipo Kima akampa kisa cha pili. Simba mgonjwa alimtuma Sungura amtafutie nyama. Sungura akamwendea punda wa dobi, punda jike, akamwambia kwamba Simba anamposa. Punda akaenda, Simba akamrukia na kumjeruhi, Punda akaponyoka. Sungura akamfuata tena akambembeleza, Punda akarudi, na mara hii akauawa. Simba akaagiza awekewe moyo na masikio. Sungura akavila kwa siri, na alipoulizwa viko wapi akajibu kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Siku ya kusimulia, zamu ikamfikia mama yule. Akasema, "Punda imekuja." Nikamrekebisha. "Punda imerudi." Nikamrekebisha. Mara ya tano au ya sita, nikiwa nimechoka, ulimi ukaniponyoka: "Mama, na wewe umekuwa punda wa dobi? Huna moyo wala masikio?" Darasa zima likaangua kicheko. Yeye naye alitabasamu. Alimaliza kisa chake, akakaa hadi mwisho wa kipindi, akafunga daftari, akaniaga kwa Kiganda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na leo ni wiki ya nne hajarudi.

Muuguzi anayeketi naye ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Mama huyu alikuwa msichana katika miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, na Kiswahili cha kwanza alichokisikia maishani kilikuwa cha askari, usiku: "Fungua mlango." Mapema katika miaka ya 1980 kikaja kingine, "Panda gari", maneno ambayo watu wa Kampala waliyageuza kuwa jina la misako yenyewe. Alimwambia muuguzi kwamba ilimchukua zaidi ya miaka 40 kukubali kukitia Kiswahili kinywani mwake, na kwamba jioni ile alitabasamu ili asilie.

Tangu nilipoyasikia hayo silali vizuri. Namba yake ninayo, lakini nimeshindwa kumpigia. Naogopa kwamba nikimwomba radhi nitakitonesha kidonda, na nisipomwomba nitakuwa nimemdharau mara mbili. Mwenye kituo amepata habari, naye anataka nirudi kwenye kitabu, kwani kwa maoni yake watu wazima hawana haja na hadithi za wanyama, na ngano ndizo zilizoniletea balaa. Huenda anasema kweli. Lakini pia, Bi Mshauri, mimi nililelewa na walimu wakali, chuoni na shuleni, na ukali wao ndio ulionipa lugha ninayojivunia. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwetu utani kama ule ni mapenzi. Nikianza kupima kila neno, nikayaacha makosa yapite ili nisimwumize mtu, si nitakuwa nafundisha Kiswahili kibovu kwa jina la huruma? Nifanye nini juu yake, na nifanye nini na ngano zangu?

Mwalimu wa jioni, Kampala

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma kwa sauti. Ikiwa nimekuelewa, mwanafunzi mmoja ameondoka, na wewe umebaki na maswali matatu yaliyoshikana: umfuate au umwache, uendelee na ngano au uziache, na iwapo upole na usahihi vinaweza kukaa darasa moja. Naomba nianzie mahali ambapo pengine hukunitarajia, kwenye hiyo "punda imekuja" iliyokuchosha, kwa sababu naona imebeba mambo mengi kuliko ulivyoyaona jioni ile.

Mama huyu alikuaga kwa Kiganda, basi nachukulia kwamba ndiyo lugha yake. Kwa Kiganda punda ni endogoyi, na punda akija hawasemi azze, kama wasemavyo mtu akija. Husema endogoyi ezze. Hiyo e- ya mwanzo ni ndugu wa i- yetu katika "nyumba imeanguka". Kiganda kimegawa maneno yake katika ngeli kama tulivyoyagawa sisi, omuntu na abantu, ekintu na ebintu, kama vile mtu na watu, kitu na vitu. Ila sisi tumemtoa mnyama katika upatanisho wa ngeli yake tukampa wa mtu, na wao wamemwacha alipo. Kwa hiyo kila alipotamka "punda imekuja", mama yule alikuwa akifuata kanuni, tena kwa uaminifu mkubwa, kanuni aliyoisikia kwa masikio yake yote mawili tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Ulimwambia hana masikio palepale ambapo masikio yake yalikuwa yakifanya kazi barabara.

Kuna jambo la pili katika Kiganda, na hili hunifurahisha kila nikilikumbuka. Sungura wa porini wao humwita akamyu, naye ana upatanisho wa ngeli yake, mbali kabisa na wa watu. Lakini sungura huyohuyo akiingia katika ngano huvaa jina la Wakayima, na hapo hupewa upatanisho wa mtu. Mzee wa Kiganda akianza kusimulia, "Awo olwatuuka", utamsikia akisema Wakayima yagenda, yaani Wakayima alikwenda, kama vile angesema juu ya jirani yake. Unaona ulikuwa umekaribia kiasi gani? Mwanafunzi wako alikuwa nacho nyumbani kwake, katika ngano za bibi yake mwenyewe, kile ulichokuwa unahangaika kumpa. Pengine ingetosha kumwambia kwamba katika Kiswahili kila mnyama ni Wakayima, hata akiwa porini. Siwezi kukuahidi kwamba kosa lingekoma siku hiyo, kwani mazoea ya miaka 60 hayaondoki kwa sentensi moja, lakini angalau angejua kwamba anatoka mahali panapoeleweka kwenda mahali pengine panapoeleweka.

Sasa turudi kwenye kisa chenyewe. Nadhani umekisimulia vizuri kuliko ulivyokisikiliza. Ni nani aliyesema kwamba punda hana moyo wala masikio? Ni Sungura, na alipoyasema hayo, moyo na masikio vilikuwa tumboni mwake. Punda alikuwa navyo vyote, na alivitumia kuamini posa. Sisemi kwamba wewe ndiye Sungura. Nikisema hivyo nitakuwa nanyoosha kidole kutoka kwenye ngano hadi kwa mtu aliye mbele yangu, na hilo ndilo tunalolizungumza hapa. Nakuomba tu, siku nyingine ukikisimulia kisa hiki, usimame kidogo hapo, uwaulize wanafunzi nani amekula nini, uwaache wabishane kwa Kiswahili chao jinsi kilivyo.

Na ni nani anayesimulia habari za punda? Ni Kima, akiwa juu ya mti, kwa sababu ameitwa mara ya pili na yule aliyetaka moyo wake. Mwanangu, mama huyu aliumizwa mara moja, akashika njia, na hajarudi. Kwa kipimo cha ngano uliyomfundisha wewe mwenyewe, ameielewa kuliko wote waliocheka. Ndiyo sababu nasita ninapokusikia ukifikiria kumpigia simu. Ukimwambia, "Mama njoo, darasa halijakamilika bila wewe," maneno yatakuwa matamu na ya kweli, lakini yatakuwa yanatoka majini kwenda juu ya mti, na yeye anakijua kisa hicho.

Nataka pia tuangalie jinsi unavyojieleza kilichotokea. Uliposikia habari za askari na milango, uliona umepata sababu, na sababu hiyo ni ya kweli na ni nzito. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi nchini Uganda tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, na Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, wako waliokuwa wamekwisha kukijua kwa upande wa mtutu wa bunduki. Mtu aliyekulia humo akija kwa hiari yake kukaa mstari wa mbele, amesafiri safari ndefu ambayo mimi na wewe, tuliozaliwa ndani ya lugha hii, hatukuwahi kuisafiri. Lakini jiulize: kama hakuna askari aliyewahi kugonga mlango wa mama huyu, neno lako lingekuwa jepesi? Yeye amepita miaka 60, wewe una 39, na mbele ya watu 13 umemwita punda. Naogopa tusije tukamtwika Amin mzigo ambao sehemu yake ni wetu.

Umesema kwamba kwenu utani kama ule ni mapenzi. Nakubali, nami nimekulia pwani. Lakini mtani hutaniwa akajibu, na jibu lake ndilo linalougeuza utani kuwa mapenzi. Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana hata msibani, kila mmoja ana ulimi wake kamili. Mama yule alikuwa na ulimi gani wa kukujibia, wakati maneno yote mliyokuwa nayo chumbani mle yalikuwa yako? Kiganda alichokuagia nacho, mimi nadhani ndicho kilichokuwa jibu lake. Na ile methali ya mchelea mwana kulia ni nzuri mahali pake, ila inazungumza juu ya mwana na mzazi wake. Ukiipeleka kwa mtu aliyelipa ada yake, aliyeacha duka lake jioni, anayelingana na mama yako, itabidi kwanza uamue mwana hapo ni nani.

Nitakueleza langu, ili usidhani nazungumza nikiwa mahali palipoinuka. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima huku kwetu Tanzania, na mwaka uliofuata mimi, msichana mdogo, nilikuwa nafundisha kisomo chini ya mwembe katika kijiji cha wavuvi karibu na Pangani. Mzee mmoja alikuwa ameandika M yake ikalala upande. Nikamwuliza, "Mzee, hiyo ni M au ni ngalawa iliyopinduka?" Watu walicheka, naye alicheka. Akaiweka chaki juu ya jiwe, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, na hakuja tena. Nilikuwa nikipishana naye gulioni, tukisalimiana vizuri kabisa. Sikuwahi kumwendea kwa ajili ya neno lile. Nilijiambia kwamba amekwisha kusahau. Miaka mingi baadaye nilikuwapo ofisi ya kijiji alipokuja kupokea pesa, na alitia dole gumba.

Juu ya ngano, mwenye kituo chako ana wasiwasi unaostahili kusikilizwa, ingawa sidhani kama ameushika mahali penyewe. Kisa cha Kima na Papa kilikuwa kinasimuliwa Unguja kabla mmisionari Mwingereza Edward Steere hajakichapisha London mwaka 1870, na kabla ya hapo kilipita katika Kiarabu, katika kitabu cha ngano kiitwacho Kalila wa Dimna, cha Ibn al-Muqaffa wa karne ya 8, na mzizi wake uko Bara Hindi, katika mkusanyo wa kale wa ngano uitwao Panchatantra. Kule anayembeba kima ni mamba. Kwa Waarabu ni kobe wa majini. Kwetu akawa papa. Mjumbe wa Simba kule ni bweha, sisi tukamfanya Sungura. Panchatantra yenyewe huanza na mfalme aliyekuwa na wana watatu wazito wa kusoma, ambao walimu walishindwa nao, na mzee aitwaye Vishnusharman akaahidi kuwafunza katika miezi sita, akawafunza kwa ngano za wanyama. Kwa hiyo hadithi hizi tangu mwanzo ziliwekwa kwa ajili ya wanafunzi walioitwa wazito, na wanafunzi hao walikuwa wanaandaliwa kutawala. Unaweza kumwambia hivyo mwenye kituo. Unaweza pia kumwambia kwamba mama wa mchele hakuondoka kwa sababu ya Papa wala Punda.

Hata hivyo ngano zina hatari yake. Huja na majina yaliyokwisha kuivishwa, mjanja, mlafi, mpumbavu, na majina hayo hutafuta mtu wa kukaa juu yake. Darasani mtu huyo hupatikana upesi, kwa kuwa kila anayejifunza lugha ugenini anaonekana mpumbavu kwa muda, hata awe hodari namna gani katika lugha yake. Mimi nisingezitupa. Ningetamani kuona, kwa mfano, wiki ambayo wewe husimulii, bali wao wanakuletea Wakayima wao kwa Kiswahili, na wewe ndiye unayeuliza "halafu?", kwa kuwa kweli hujui kinachofuata. Hiyo nayo ina gharama: utasikia Kiswahili kilichovunjika kwa saa nzima, na itakubidi uvumilie.

Na makosa? Hakuna aliyekuomba uyaache. Mtu akisema "punda imekuja", unaweza kumjibu, "Ehe, punda amekuja, akamkuta nani?" na kisa kikaendelea, na sentensi iliyonyooka imeshapita masikioni mwake bila kumsimamisha mbele ya watu. Wapo ambao hawatalisikia rekebisho la namna hiyo, hasa wakiwa wameshughulika na kukumbuka kisa. Hao utawaandikia pembeni ya daftari siku ya Ijumaa, jambo moja tu kwa wiki. Walimu wako wakali walikupa lugha nzuri, na siwaondolei sifa yao, ila nakukumbusha kwamba waliokimbia ukali ule hawakuja kuwa walimu wa Kiswahili Kampala, na kwa hiyo hukuwahi kukutana nao ukawauliza.

Limebaki la mama mwenyewe. Simu ina wepesi wake, lakini itamkuta mbele ya wateja, itamdai jibu papo hapo, na atakuambia "hakuna tatizo" kama wasemavyo watu wanaotaka simu ikatike. Kumtuma muuguzi ni njia laini, ila itamfanya ajue kwamba aliyoyasema kwa siri yamefika kwako. Aliyasema kwa muuguzi, hakuyasema kwako, na kwa hiyo popote mtakapozungumza mimi nisingewataja askari hadi yeye awataje. Kumwendea dukani ni heshima kwa mkubwa, na mila zetu zinaielekea hiyo, lakini umwendee ghafla, mtu ambaye milango yake iligongwa na wasioalikwa? Ujumbe mfupi wa maandishi hauna uzuri wa uso kwa uso, ila humwachia muda, na humwachia yeye kuchagua mahali, siku, au kutokujibu kabisa. Ukiuandika, liache darasa nje yake. Neno ulilosema ni moja, na radhi inaweza kuwa ya neno hilo tu, bila mwaliko nyuma yake. Kumrudishia ada iliyobaki ni haki yake, lakini likitangulia linaweza kusikika kama kumfungia hesabu.

Waliocheka pia wapo, na kwao huna haja ya kumngoja. Yule kijana wa bodaboda huenda tangu siku ile anaiogopa zamu yake. Unaweza kuwaambia kwamba ulikosea, ukitaja neno lako wewe bila kufungua habari za mama yule. Utakuwa umejishusha mbele yao, na huenda mwenye kituo asipende. Hilo utalipima mwenyewe, kwani wewe ndiye unayesimama pale kila jioni.

Inawezekana asirudi, mwanangu, na kutokurudi kwake kusiwe ushahidi kwamba radhi yako ilikuwa bure. Inawezekana akataka Kiswahili chake akitafute kwa mwalimu mwingine, au kwa madereva wa Mwanza wanaomletea mchele. Ungeweza kumsaidia hata hapo, ikiwa atataka.

Kuna kitu kimoja hukukitaja katika barua yako yote. Umekaa Kampala mwaka wa tano, na hukuniambia Kiganda chako kikoje. Kama bado ni cha kuungaunga, nimefikiri kwamba huenda ndicho kinachofaa kumwandikia, au kumsemesha, siku akikubali kukuona. Nsonyiwa, nnyabo, yaani nisamehe, mama, unalijua hilo. Yanayofuata jitahidi mwenyewe, usimpe mtu akuandikie. Anaweza kuona ni maigizo, na ukiona hivyo uache, mmalizie kwa lugha atakayoitaka yeye. Lakini akikubali kukusikiliza, utakuwa umekaa mbele ya mzee mwenye lugha yake, huku wewe ukitafuta viambishi. Utakosea, tena huenda ukakosea kwenye mnyama. Tazama atakavyokurekebisha, kisha uniandikie.